Mguu umevimba, mbona hakupigwa picha?

Swali: Mume wangu ni nahodha wa mashua. Juma lililopita alikuwa anashuka gatini Mokowe maji yakiwa yametoka, akateleza kwenye ngazi yenye ukoga, mguu ukapinda kwa ndani. Ulivimba papo hapo. Hospitalini tabibu alimbonyezabonyeza nyuma ya kifundo, akamwambia atembee hatua nne, kisha akasema hakuna haja ya picha ya eksirei. Akapewa bendeji na vidonge vya maumivu. Shemeji yangu aliye Malindi alianguka na bodaboda. Mguu wake haukuvimba hata nusu ya huo, lakini alipigwa picha tatu za kifundo kimoja, akaambiwa hakuna kilichovunjika, na hadi leo, wiki ya nane, bado anachechemea. Sasa sisi huku tulidharauliwa, au yeye kule aliliwa pesa? — Bi. S., Langoni, Lamu

Jibu: Bi. S., pole wewe na mzee wako, na shemeji pia mpe pole. Kwa haya uliyoandika sioni aliyedharauliwa, wala sioni dalili ya aliyeliwa. Tabibu wa huko kwenu alipombonyeza mumeo na kumwambia atembee, hicho ndicho kilikuwa kipimo chenyewe. Na yule wa Malindi alipoagiza picha tatu, aliagiza zile zinazotakiwa kwa kifundo. Kilichokosekana pande zote mbili ni mtu wa kukaa na mgonjwa akamweleza, na hapo una haki ya kulalamika.

Nianze na uvimbe, kwa maana ndio uliokutia wasiwasi. Kifundo hakina nyama ya kuficha kitu, ngozi imelala juu ya mfupa. Kano zikichanika, vijishipa vya damu vilivyomo hupasuka, na damu na maji hujaa chini ya ngozi kwa dakika chache tu. Kesho yake weusi huteremka hadi ubavuni mwa wayo na kwenye vidole, watu wakaingiwa na hofu zaidi. Lakini ukubwa wa uvimbe haukwambii kama mfupa ni mzima. Kano iliyochanika vibaya inaweza kuvimbisha mguu hata kiatu kisiingie, na ufa mdogo wa mfupa ukavimba kiasi cha kutojulikana. Ndiyo maana daktari hakuangalia uvimbe akakata shauri. Alitumia vidole.

Alikuwa anatafuta nini? Mifupa miwili inateremka kutoka gotini: ule mnene wa muundi, na mwembamba ulio upande wa nje. Miisho yake ndiyo zile nundu mbili unazozishika, ya ndani na ya nje. Katikati yake umeingia mfupa wa tatu, talasi, ambao ndio hucheza juu na chini unapotembea. Fundi wa milango hapo Lamu akichomeka ulimi wa mbao ndani ya tundu lake anajua kwamba ulimi ukilegea kidogo tu, mlango mzima hauna raha. Talasi nayo imekaa hivyo kati ya zile nundu mbili, na kano ndizo zinazoishika isilegee.

Mguu ukipinda kwa ndani, wayo ukaangaliana na mguu wa pili, kano ya upande wa nje hutangulia kuchanika, hasa ile iliyo mbele kidogo ya nundu ya nje. Ukimbonyeza mtu hapo atapiga kelele tu, awe amevunjika au hajavunjika, kwa hiyo kelele ya hapo haikufundishi kitu. Ndipo ikaonekana afadhali vidole viende nyuma, kwenye ukingo wa nyuma wa nundu, kwa urefu wa sentimita 6 hivi kutoka nchani kwenda juu. Huko hakuna kano ile ya kukuchanganya, kuna mfupa mtupu. Akilia huko, mfupa ndio unaolia.

Hii si akili ya tabibu mmoja wa Lamu. Mwaka 1992 madaktari wa jiji la Ottawa nchini Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walitoa kanuni ambayo leo inafundishwa karibu kila mahali. Wakati huo karibu kila aliyeingia hospitalini na kifundo kilichoteguka alisukumwa chumba cha eksirei, na waliokutwa wamevunjika hawakufika 15 katika kila 100. Waliobaki walikaa foleni, wakarudi na jibu ambalo vidole vingeweza kulitoa. Kanuni yao inasema kifundo kipigwe picha ikiwa mgonjwa anaumia kwenye eneo la nundu, na pia ana moja kati ya haya: maumivu mfupa ukibonyezwa ukingo wa nyuma au nchani mwa nundu ya nje, au vivyo hivyo kwenye nundu ya ndani, au hakuweza kupiga hatua nne pale pale alipoumia na hawezi pia mbele ya daktari. Kwa wayo kuna sehemu mbili nyingine za kubonyezwa. Moja ni kile kichwa cha mfupa kinachojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, nyuma ya kidole kidogo. Nyingine ni juu ya upinde wa wayo, upande wa ndani.

Ile ya kidole kidogo usiidharau. Pana ukano unaotoka kwenye misuli ya muundi ukajishika hapo, na mguu unapopinda kwa ndani ukano hushtuka ukavuta, ukang'oa kipande cha mfupa. Mgonjwa husema "kifundo", kumbe uliovunjika ni mfupa huo wa chini. Asiyebonyezwa hapo hupigwa picha ya mahali pasipohusika.

Na hatua nne si mashindano. Kuchechemea kunahesabika. Kinachotakiwa ni uzito uhame kutoka mguu huu kwenda huu, mara mbili kila upande, hata kwa kuuma meno. Mumeo alizipiga, na nyuma ya nundu hakulia, ndipo akaambiwa hana haja ya picha. Tabibu akibonyeza sawasawa na kuhesabu sawasawa, kanuni hii hunasa karibu wote waliovunjika, na huokoa kiasi cha thuluthi moja ya picha zisizo na faida. Kwa mtu anayetoka Kizingitini au Kiunga, ambaye picha kwake ni nauli ya boti na siku nzima ya kazi, hiyo si faida ndogo.

Ila kanuni ina mipaka, na hapa umwangalie mzee wako vizuri. Haimfai mtu aliyelewa, wala aliyeumia kichwa, wala aliyevunjika mahali pengine panapomuuma zaidi, kwa sababu jibu lake ukimbonyeza si la kuaminika. Haimfai aliyevimba hata mfupa haushikiki. Haikupimwa kwa majeraha yaliyopita siku kumi. Na haimfai mwenye kisukari ambaye miguu imeanza kufa ganzi: huyo atatembea hatua nne, na hata arobaini, juu ya mfupa uliovunjika. Mwambao wetu una wenye sukari wengi. Kama mumeo ni mmoja wao, rudini mseme hivyo, na picha ipigwe bila ya mjadala. Mguu wa mwenye kisukari uliovimba na kuwa wa moto bila ya maumivu makubwa ni jambo la kukimbilia hospitalini siku hiyo hiyo.

Watoto nao wana yao. Karibu na ncha za mifupa yao pana tabaka la gegedu, ule mfupa laini, ambalo ndilo hukuza mfupa, na kwenye picha huonekana mstari mweusi ambao asiyezoea atauita ufa. Pia tabaka hilo linaweza kuumia na picha isioneshe kitu. Kwa mtoto mdogo daktari huamua kwa kumtazama mwenyewe, si kwa kanuni peke yake.

Sasa twende Malindi. Shemeji alianguka na pikipiki, na kuanguka huko si sawa na kuteleza ngazini. Mguu hubanwa, hupindwa na kugongwa kwa pamoja. Bila shaka alilia mahali fulani kwenye mfupa, au hakuweza kuukanyagia. Hiyo inatosha kumpeleka eksirei, na haimaanishi kwamba lazima akutwe amevunjika. Kanuni imewekwa ilegee upande huo makusudi: afadhali kumi wapigwe picha wakutwe wazima kuliko mmoja aponyoke.

Mbona tatu? Picha ni kivuli. Mionzi inapita mwilini, mfupa unaizuia zaidi ukatoka mweupe, nyama inatoka kijivu, hewa nyeusi. Kivuli cha upande mmoja kinaweza kuficha mvunjiko uliokaa sambamba na mionzi, kwa hiyo inapigwa ya mbele, kisha ya ubavuni. Ile ya ubavuni inaonesha mambo ambayo ya mbele haiyaoni kabisa: ukingo wa nyuma wa mfupa wa muundi, kisigino, na ikipigwa vizuri, kile kichwa cha mfupa wa kidole kidogo nilichokitaja. Lakini kwenye picha ya mbele kuna tatizo. Mfupa mwembamba wa nje umekaa nyuma kidogo, na kivuli chake huiangukia talasi. Kwa hiyo mpiga picha huushika mguu wote pamoja na wayo, akauzungusha kwa ndani nyuzi 15 hadi 20, mpaka nundu zote mbili ziwe sawa kwa urefu kutoka kwenye sahani ya kupokea picha iliyo chini. Hapo kiungo hufunguka, na nafasi iliyoizunguka talasi huonekana kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Hiyo picha ya tatu ndiyo mimi huitazama kwanza. Wagonjwa wengi huniuliza kama ule mstari mweusi kati ya mifupa ni pengo. Si pengo, pamejaa gegedu, ambalo eksirei hailioni. Ninachotaka ni mstari huo uwe na unene mmoja juu na pembeni. Ukipanuka upande wa ndani ukazidi milimita 4, nashuku kwamba talasi imehama na kano zinazofunga mifupa miwili pamoja zimeachia, hata kama sioni ufa wowote. Huyo huenda akahitaji upasuaji, na kumpa bendeji ni kumharibia kiungo.

Mvunjiko wa mfupa wa nje nao haupimwi kwa ukubwa bali kwa mahali. Mpango tunaoutumia una jina la daktari Mswisi, Weber, na una herufi tatu. A ni chini ya usawa wa kiungo, na mara nyingi hupona kwa kiatu cha kukaza au plasta. B ni usawani mwa kiungo, na hapo uamuzi unategemea kama upande wa ndani umesimama imara. C ni juu yake, na mara nyingi ni chumba cha upasuaji. Kuna aina moja inayowachezea madaktari: mtu analalamika kifundo upande wa ndani, picha ya kifundo haina ufa, kumbe mfupa mwembamba umevunjika juu karibu na goti. Mfaransa mmoja, Maisonneuve, aliueleza mvunjiko huo mwaka 1840, zaidi ya miaka hamsini kabla Röntgen hajagundua mionzi hii mwaka 1895. Bila picha yoyote! Basi daktari wa kifundo akipandisha mkono akabonyeza chini ya goti, usimwone amepotea njia.

Kuhusu mionzi, najua itaulizwa. Mionzi hupimwa kwa milisiviti, na picha ya kifundo hutoa kama sehemu moja kati ya elfu ya milisiviti moja. Ardhi, hewa na mbingu kwa wastani wa dunia humpa kila mtu milisiviti 2.4 kwa mwaka, awe anapenda au hapendi, kwa hiyo hata picha zote tatu hazifiki kipimo cha siku moja ya kuishi. Mwenye mimba aseme kabla, lakini mguu uko mbali na tumbo na mionzi imeelekezwa mguuni. Hina na piko haviharibu picha. Kikuku cha fedha kinaharibu, na hirizi yenye kibati pia, kwa hiyo vivuliwe kwanza. Nguo inapandishwa hadi kati ya muundi, hakuna zaidi, na mwanamke anaweza kuomba mwanamke mwenziwe awemo chumbani.

Basi kwa nini shemeji bado anachechemea na picha ilikuwa safi? Kwa sababu picha ilijibu swali moja tu, la mfupa, na ilijibu kwa siku ile. Kano hazionekani. Gegedu halionekani. Ufa mwembamba wa nywele huweza kujificha siku ya kwanza ukajitokeza baada ya siku kumi hadi kumi na nne, mwili unapoanza kuula ukingo wa mfupa ili uujenge upya. Kuna vijivunjiko vya talasi na vya mbele ya kisigino ambavyo ni maarufu kwa kuponyoka. Kuna kano zinazofunga mifupa miwili kwa juu, ambazo zikichanika huuma mtu anapoukanyaga mguu na kugeuka, na hupona polepole kuliko zile za pembeni. Wiki nane za kuchechemea si za kuambiwa "picha ilikuwa nzuri, nenda nyumbani".

Arudi, aonane na daktari wa mifupa, aseme mambo matatu: mahali hasa panapouma kwa kuonesha kwa kidole kimoja, kama kifundo kinamchomoka au kukwama akitembea, na kama maumivu yanazidi au yanapungua. Aombe aangaliwe kama inafaa picha mpya, safari hii akiwa amesimama na uzito wote uko mguuni, maana kiungo kilicholegea hujitoa hapo. Daktari akishuku gegedu au kano za juu atamwandikia MRI au CT, picha za mashine kubwa zinazoona zaidi ya eksirei, na huenda hilo likampeleka Mombasa. Inawezekana pia kwamba hana tatizo la kuonekana popote, ila mguu haukufundishwa tena kazi yake. Hiyo ndiyo sababu ninayoikuta zaidi. Kano ikichanika, mguu hupoteza ile hisia ya kujua umekaa vipi chini, na usipofanyishwa mazoezi huteguka tena na tena.

Kwa mumeo, kazi ni hiyo hiyo mapema. Barafu ya samaki inatosha, ivunjwe, ifungwe kitambaa, iwekwe dakika kama 15, mara kadhaa kwa siku, wala isigusane na ngozi. Bendeji ikaze bila kuubadili rangi mguu. Akilala, mguu uwe juu ya mito, zaidi ya usawa wa moyo. Asilale siku zote pia: kadiri maumivu yanavyoruhusu, autumie. Uvimbe ukipungua aanze kusimama kwa mguu mmoja, akishikilia ukuta, halafu bila ukuta, halafu akisukutua meno. Mashuani asirudi mpaka aweze kusimama hivyo bila kuyumba, kwa sababu bahari haitamngoja.

Mkandaji najua ameshaitwa, au jirani ameshamtaja. Sina ugomvi na mkandaji anayejua mpaka wake. Ugomvi wangu ni na mafuta ya moto na kuvutwa mguu katika siku tatu za mwanzo, wakati damu bado inavuja. Na mguu uliovunjika ukivutwa, mvunjiko uliokuwa umetulia huhama. Ule mguu ambao umepinda waziwazi, au ngozi imekuwa nyeupe kwa kukazwa na mfupa, au vidole vimepoa na kufa ganzi, au pana kidonda juu ya mvunjiko, huo haungoji mkandaji wala haungoji foleni ya picha. Ufungwe magango kama ulivyo, mtu apandishwe boti. Daktari huweza kuunyoosha kwanza na picha ikafuata.

Jambo moja watu huona haya kuuliza: sala. Kile kikao cha attahiyatu hukunja kifundo na kukivuta pale pale penye kano iliyochanika. Aswali kwenye kiti wiki hizi. Nimeona mtu anayeendelea vizuri akarudi nyuma kwa kujilazimisha.

Akiwa hawezi kutembea vizuri baada ya siku tano hadi saba tangu alipoumia, au maumivu yamehamia kwenye mfupa wenyewe, arudi abonyezwe upya. Kwa kuwa aliumia juma lililopita, siku hizo ndizo hizi. Mara ya pili uvimbe huwa umeshuka na vidole huona zaidi, na daktari akisema sasa apigwe picha, haina maana kwamba yule wa kwanza alikosea.

Na shemeji akienda kwa daktari wa mifupa achukue zile picha zake za kwanza, si karatasi ya majibu peke yake. Kama ni filamu, asizikunje wala asiziweke chini ya godoro, na asiziache kwenye tuktuk juani. Kama alipewa kwenye simu au sidii, aombe nakala hospitalini kabla hazijafutwa. Ufa wa wiki ya nane husomeka kwa kulinganishwa na picha ya siku ya kwanza.